Tuliyoyaona Darasani

"Samahani, kuhusu jana..." mwalimu mgeni alianza.

"Dada, tulia," mwalimu wa sayansi alimkatiza. "Hapa tunasikiliza kwanza. Kujitetea baadaye."

Mgeni akaketi. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa unaisha Ijumaa, na bila kupata alama sitini katika kipindi cha jana angefungasha virago.

Shule hiyo ilijivunia ushirikiano. Walimu wanne walikuwa wameandaa pamoja somo moja la hisabati kuhusu sehemu kwa wiki mbili nzima, wakabishana hadi ukubwa wa chungwa la kukatwa mbele ya wanafunzi. Kipindi kilipangwa kifundishwe jana saa tatu, darasa la sita. Mgeni angefundisha, na wenzake watatu wangekaa nyuma na kuandika wanachokiona, ili wote wajifunze. Mpango mtamu kabisa, kwenye karatasi.

Sasa fomu tatu zilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu, zimejazwa hadi pembeni.

"Ulianza vizuri," alisema wa sayansi, "ila uliharakisha."

Wa historia alichungulia fomu ya jirani yake. "Hata mimi niliona hivyo hivyo. Mbio mbio mno."

"Na watoto wa nyuma hukuwashirikisha," aliongeza wa michezo, mtu mwenye uchungu mkubwa na watoto wa nyuma. "Roho iliniuma."

"Jamani, naomba niseme tu kwamba jana..."

"Mdogo wangu, usiwe mbishi," alisema wa historia kwa upole wa shangazi. "Mbona lile chungwa ulilikata vizuri?"

Machozi yalimlengalenga mgeni. Wenzake waliguswa sana. Unyenyekevu wa namna hiyo ni adimu kwa walimu wa siku hizi.

Wakanong'onezana, wakajumlisha, wakagawanya kwa tatu. Sitini na mbili. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwahi kutilia shaka fomu iliyojaa, akagonga mhuri na kumsogezea mgeni kalamu.

"Haya, sasa sema. Una la kujitetea?"

Mgeni aliitazama ile alama, akachukua kalamu.

"Hapana, Mwalimu. Nashukuru. Nimejifunza mengi."

Akatia sahihi, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha akarudi mbio hospitali, kwenye wodi ya watoto, alikokuwa akimuuguza mwanawe tangu juzi jioni bila kutia mguu nje hadi asubuhi ya leo.