Kurasa za Marehemu

Sheria ilitaka kila mtu avae kinasa sauti shingoni, na akifa, mazungumzo yake yaandikwe na mashine na kugawiwa warithi, kila mmoja yale aliyozungumza naye. Eda ilipokwisha, wajane wawili wa Mzee Shekue wakaenda ofisini kuchukua mafungu yao. Nuru, mke mdogo, alipewa kitabu kinene. Mwantumu, mke mkubwa, alipewa kurasa tisa, na karibu kila mstari umeandikwa: sauti haikusikika.

"Zamu zetu zilikuwa sawa!" Mwantumu alimaka. "Miaka thelathini nimeishi naye!"

"Kinasa kinataka watu wakae karibu, mama, na pawe kimya," karani alisema.

"Dada, wewe ulikuwa unamjibu kutoka jikoni, redio inapiga kelele," Nuru alisema, kitabu amekikumbatia.

"Nyamaza! Mimi nilikuwa nampikia, wewe unamnong'oneza."

Nuru akatoka nje akicheka. Mwantumu akamsogelea karani.

"Hapa palipo patupu, hapajaziki?"

"Mashine inaweza kukisia, kutokana na maneno aliyoyasema kwingine."

"Jaza."

Kurasa zikatoka zimejaa. Mwantumu akasoma ya kwanza, machozi yakamlenga. Mumewe alikuwa anausifu mchuzi, anamwambia asijichoshe, asogee karibu. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia.

Akaikunja karatasi, kisha akaikunjua tena na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu," alisema polepole, "hapa alipomtaja Nuru, unaweza kuweka jina langu?"