Kiti cha Mtoto wa Mamba

Kaeni niwape hii. Mwenye haraka njia anaijua. Huko msituni, Baraza lilipanga viti vya shule kwa kuhesabu nyayo. Kila mwaka watoto walipitishwa kwenye matope ya mtoni, kisha Korongo, mwenyekiti mwenye shingo ndefu kuliko akili, akahesabu alama.

Bi Nyani alikuwa na mtoto, Tunu, asiyeweza kusimama. Mwaka uliopita alimvusha mgongoni, na kwa kuwa mtoto hakuacha unyayo, hakupata kiti. Safari hii akamtua matopeni. "Jikokote, mwanangu. Leo sikubebi." Tunu akajikokota mpaka viwiko vikachubuka, mama anauma midomo tu. Akamrudisha nyumbani, akakimbilia barazani.

Korongo alikuwa ameinama matopeni. "Huu ni mburuzo wa tumbo. Mtoto wa Mamba! Andikeni kiti kimoja."

"Mheshimiwa, huyo ni mwanangu."

"Mama, nyani hutembea. Matope hayasemi uongo."

"Basi njoo nyumbani umwone!"

"Baraza haliendi majumbani."

Mamba akachomoza kichwa majini. "Jamani, mimi mbona sina mtoto?"

"Utazaa," akasema Korongo. "Kiti kitakungoja."

Na kweli kinangoja mpaka leo, kimetandwa na buibui.

Bi Nyani alipofika nyumbani, Tunu aliinua viwiko vyake vyenye damu. "Mama, wamenihesabu?"

"Wamekuhesabu," akasema, akaenda kuchota maji ya kumwosha matope.