Sheria ya Ngiri Kuhusu Mashimo

Siku Ngiri alipopewa kazi ya kusimamia wakimbizi, ndiyo siku aliyotunga sheria: anayeishi katika shimo asilolichimba mwenyewe ni mvamizi, afukuzwe. Aliitangaza mlangoni pa shimo lake, kifua mbele.

Wa kwanza kufika alikuwa Muhanga, mchimbaji hodari, aliyekimbia moto ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, mkuu. Naomba hifadhi."

"Marahaba. Una shimo hapa?"

"Ninalo. Nililichimba mwaka ule wa ukame."

"Liko wapi?"

"Si hilo lililo nyuma yako, mkuu?"

Ngiri alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Tangu azaliwe hajachimba shimo. Hili alilikuta tupu, akaingia kinyumenyume kama ngiri wote, akajiita mwenyeji. Na kwa kuwa katika kazi hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi na mkaguzi wa polisi pia, alijikamata, akajihoji, akajaribu kujisafisha mara tatu. Lakini sheria haikuwa na mwanya, na mjinga aliyeitunga bila mwanya alikuwa yeye.

Akapiga magoti.

"Shikamoo, mwenye nyumba. Naomba hifadhi."

"Marahaba," akajibu Muhanga. "Una shimo hapa?"