Mabaka Kichwani

Nilikaa kwenye kiti langoni pa kiwanda, ninyolewe kipara hadharani. Hapa mjini Ansan, ndivyo watu wa chama cha wafanyakazi wanavyogoma.

"Mzee, chama kitakulisha?" msimamizi wetu wa chumba cha rangi alinipigia kelele. "Ukinyoa, kazi huna!"

"Nyoa," nikamwambia katibu wa chama.

Nywele zikaanguka mapajani. Ghafla akazima mashine.

"Kaka, haya mabaka mekundu umeyapata lini?"

Nikapapasa. Mabichi, ya mviringo, kama yaliyomwanza marehemu mke wangu, Mal-sun, aliyefanya kazi chumba kilekile cha rangi. Wakubwa wa kiwanda waliapa ugonjwa wake ni wa ukoo.

Nikamwinamishia msimamizi kichwa.

"Haya, bosi. Na mimi ni wa ukoo wake?"

Alivua kofia, akaanza kujipapasa utosi.