Barua ya Shule Mashineni

Kila Ijumaa mwenye mashine ya kusaga alizima injini ili awasomee kina mama barua ya shule. Leo mafua yalikuwa yamemkausha sauti.

"Nani atasoma?" alinong'ona.

Nyanzala alisita. Miezi saba alikuwa akijifunza kusoma kwa siri, kwa madaftari ya bintiye Kashinje.

"Mimi."

"Mama Kashinje! Tangu lini?" Sihaba, jirani yake, aliangua kicheko, na wenzake wakamfuata.

Nyanzala aliishika karatasi kwa vidole vyenye unga. "Wa-za-zi wa-pen-dwa," alianza, jasho likimtoka. Kicheko kikafifia. "Ju-ma-ta-no wa-to-to wa-je na mi-fa-gi-o." Alisoma mpaka sahihi ya mwalimu mkuu.

Hakuna aliyetaka injini iwashwe. Sihaba aligeuza ndoo yake tupu, akamsogezea akalie.

"Hebu rudia," akasema, "polepole hivyohivyo."