Udongo wa Mama Mkwe

Siwema alirudi kutoka hospitali tumbo limemjaa kama ngoma, maumivu yakimkata chini ya kitovu. Daktari alimwambia wazi: mimba hakuna, na ugonjwa wenyewe bado hawaujui. Njia nzima aliapa kwamba leo atamwambia mama mkwe, ambaye kwa tumbo hilo alishaanza kujiita bibi.

Mama mkwe alimngoja mlangoni, udongo wa kula kwenye pindo la khanga. "Tafuna, mwanangu. Nilipombeba mumeo, mimi nusura niumalize ukuta wa jiko!"

Siwema alifungua kinywa aseme, akajikuta ametia udongo.

Mama mkwe akamwekea kiganja tumboni. Gesi ikajipindua, ikanguruma.

"Huyoo!" akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Amemjua bibi yake."

Siwema akanyoosha mkono, akaomba kipande kingine.