Muuza Vifungo wa Lushoto

Sheria inamtaka kila mwenye kazi awapigie simu watu mia mbili wa kazi yake kila wiki, dakika moja kila mtu. Akimruka hata mmoja, leseni yake inafutwa. Ndugu hawahesabiwi.

Mwantumu, fundi cherehani wa Korogwe, hakuwa amempigia mama yake tangu Ramadhani. Jumatatu akakuta mtu mpya kwenye orodha, bila jina: muuza vifungo, Lushoto. Akapiga.

"Habari za biashara?"

"Na shikamoo umeiacha wapi?"

"Mama! Umeanza lini kuuza vifungo?"

"Sina hata kimoja. Nimejiandikisha ili na mimi unipigie."

Mwantumu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Dakika ikaisha.

"Asante kwa ushirikiano," alisema, kama anavyowaambia wote, akampigia wa mia na kumi.